Makofi ya Enesi

Mwalimu Masudi aliwafundisha kuanguka kabla ya kuwafundisha kitu kingine chochote. Wiki nzima ya kwanza ilikuwa ni kuanguka tu: chali, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na kila ukianguka unapiga chini kwa kiganja kilichokunjuka, pa! Ghala zima lilikuwa likilia pa, pa, pa, kama mvua ya mawe juu ya bati. Ilipofika zamu ya Enesi, hakikusikika kitu. Alijiangusha kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

"Binti, hilo turubai halina roho," mwalimu alimwambia. "Lipige. Halitakwenda kukushitaki kwa mtendaji."

Watu wakacheka. Enesi naye akacheka, mkono mdomoni, kisha akaanguka tena kimya vilevile.

Ghala lenyewe zamani lilikuwa la mahindi, nyuma ya maegesho ya malori. Chini walikuwa wametandika magunia yaliyojazwa maganda ya kahawa kutoka Mbozi, juu yake wakashonea turubai kuukuu la lori. Mtu akibwagwa, vumbi la maganda lilifuka kwenye mishono, na kesho yake asubuhi ulikuwa ukipiga chafya unasikia harufu ya kahawa. Wacheza judo walikuwa kumi na wawili, wanawake wakiwa watano. Mwalimu Masudi alikuwa mtu wa Tanga, mchezo aliujulia Unguja ujanani, na siku hizi kazi yake ilikuwa kuwaandalia wenye mizigo makaratasi ya boda. Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, saa kumi jioni, alivua shati la kazi akavaa koti jeupe la judo na kuwa mtu mwingine.

Enesi alikuwa na miaka ishirini, mtoto wa Isansa, huko Mbozi. Shule aliiachia darasa la tano mama yake alipougua, na hakurudi tena. Tunduma alikuja kukanda unga kwenye mgahawa wa Bi Fauzia, ambako madereva waliokwama kwenye foleni ya kuvuka Zambia walikunywa chai. Chapati mia mbili kabla ya saa tatu asubuhi. Mikono yake ndiyo iliyomweka mjini. Bi Fauzia alikuwa mwema, lakini mkandaji asiyeweza kukanda angemfanyia nini? Hilo walilijua wote wawili na hawakuwahi kulizungumza.

Kilichompeleka ghalani ni dereva mmoja aliyemshika kifundo cha mkono asubuhi na mapema, mbele ya meza iliyojaa watu, akakataa kumwachia mpaka chai ikapoa. Enesi alifungua mdomo apige kelele. Sauti haikutoka. Bi Fauzia ndiye aliyemnusuru, kwa mwiko wa ugali.

"Nenda kwa Masudi," alimwambia baadaye, akiosha ule mwiko. "Mimi na mwiko wangu hatutakuwepo siku zote, mwanangu."

Wiki ya pili wakapangwa wawili wawili, wanawake na wanawake. Tabita, aliyekuwa akicheza na Gwantwa, hakuwepo. Walisema aliteleza bafuni akaumia mkono. Kwa hiyo Gwantwa akabaki peke yake, na Enesi peke yake.

Gwantwa alikuwa na mkanda wa kijani, mkubwa kuliko wote ghalani ukimtoa mwalimu. Alikuwa amepita miaka thelathini, muuza vitenge, mnene kiasi, mwenye sauti laini ya mwimbaji wa kwaya. Enesi alipomkaribia, alifanya kama alivyolelewa: akachutama, akakusanya viganja vikawa kama kibakuli, akapiga makofi ya taratibu, po, po, po.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba! Jamani, kumbe bado kuna watoto waliolelewa." Gwantwa akamwinua kwa kumshika kiwiko, na kile kiwiko akakishika kitambo, kama anayekipima. "Wa wapi wewe?"

"Isansa."

"Mimi Ihanda. Basi sisi ni ndugu."

Siku ile walifundishwa kukaba kabali na kukabwa. Gwantwa alimlaza, akamkalia, akaikunja kola ya koti lake shingoni. Wala haikuuma mwanzoni. Ilikuwa kama mlango unaofungwa polepole. Enesi alijua la kufanya, mwalimu alilisema mara kumi: ukizidiwa, mpige mwenzako mara mbili kwa kiganja, naye anaachia papo hapo. Mkono wake ukanyanyuka, ukafika karibu na bega la Gwantwa, ukakataa. Kumpiga mkubwa wako kofi, hata kwa mchezo? Viganja vikarudi vyenyewe kifuani, vikakutana, vikapiga kama kwao wanavyopiga. Po, po, po. Nimekosa. Nakuomba. Inatosha.

Mtoto yeyote wa Mbozi anayajua makofi hayo. Unayapiga mbele ya baba aliyekasirika, mbele ya wazee wa ukoo, na anayepigiwa hunyoosha mkono akakuinua. Gwantwa aliinama mpaka midomo yake ikagusa sikio la Enesi, akamwambia kwa Kinyiha, lugha ya kwao, kwa sauti ileile laini:

"Nayasikia."

Na hakuachia.

Bati la juu lilianza kuwa jeusi pembeni, weusi ukatambaa kuja katikati. Ndipo kola ikalegea. Enesi aligeuka ubavu akikohoa, machozi yakimtiririka, na Gwantwa alikuwa tayari amepiga magoti anampapasa mgongo.

"Pole, mdogo wangu. Mbona hukupiga?"

Mwalimu Masudi akaja. "Nini?"

"Hakupiga, mwalimu. Nilidhani bado anapumua vizuri."

"Enesi, sheria ni moja tu. Usipopiga, mwenzako hajui. Umenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

Hatua tatu kutoka pale alisimama Zabron, fundi wa matairi, naye mtu wa Ihanda, akifunga mkanda wake. Alimtazama Enesi, akatazama chini, akaufungua ule mkanda na kuufunga upya.

Isingekuwa raha aliyoipata mwezi ule, Enesi angeacha. Alijifunza ngwala: mwenzako anapoweka mguu wake mbele, kabla uzito haujatua, unaufagia kwa wayo wako, na mtu mzima anaondoka ardhini kama kapu tupu. Mara ya kwanza alipombwaga Mwanaisha, muuza samaki mwenye mwili kumshinda mara mbili, alisimama pale akamtazama kwa mshangao.

"Usinishangae, niinue!" Mwanaisha akapiga kelele. "Kumbe kapole haka ni kachawi!"

Kesho yake alikanda unga huku akitabasamu peke yake.

Lakini kila Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, dakika ishirini za mwisho zilikuwa za kulala chini na Gwantwa. Enesi alijifunza kupiga. Alipiga kwa ncha za vidole, kama abishaye hodi nyumba yenye mgonjwa, na Gwantwa alimwambia mwalimu kwamba hakusikia. Alipojaribu kupiga kwa nguvu zaidi, mkono ulikuwa umeshalaliwa. Na kila mara muda ulizidi kidogo. Baada ya mazoezi Gwantwa alimletea maparachichi, alimchua shingo kwa mafuta, alimsindikiza mpaka mlango wa nyuma wa mgahawa. Watu wakasema Enesi ana bahati, amepata dada.

"Unajua ninachokipenda kwenye mchezo huu?" Gwantwa alimwuliza siku moja wakipita katikati ya malori. "Kanisani watu wanajifanya. Sokoni wanajifanya. Ukimlaza mtu chini, inafika dakika anaacha kujifanya. Macho yanabadilika. Nakaa naisubiri hiyo dakika tu." Akamfuta Enesi vumbi la maganda begani. "Yako bado sijaiona vizuri."

Enesi alikutana na Tabita sokoni, amekaa nyuma ya mafungu ya nyanya. Mkono wa kushoto aliuweka mapajani, umekunjika, kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike.

"Niliteleza bafuni," Tabita alisema kabla hajaulizwa.

"Pole, dada."

"Wewe ndiye unacheza naye sasa?"

"Ndiyo."

Tabita alipanga upya fungu ambalo halikuwa limeharibika. "Unapiga?"

"Najitahidi."

"Mimi nilikuwa napiga," Tabita alisema. Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Mkono wako wa pili usikubali auwekee goti. Akishauwekea goti, huna cha kupigia. Haya, nenda. Nyumba ninayokaa ni ya kaka yake Gwantwa. Mimi na wewe tumeongea habari za nyanya."

Wiki hiyohiyo mwalimu akatangaza mtihani wa mkanda wa njano, Jumamosi. Anayetahiniwa atambwaga mwenzake mara moja, halafu atalala chini afungwe mkono, yaani unyooshwe na kukazwa kiwikoni. Ama ajinasue, ama apige. Wanawake wote watatahiniwa na Gwantwa, kwa kuwa ndiye mwenye mkanda mkubwa.

"Mkono upi unaukandia unga?" Gwantwa alimwuliza jioni ile, akimpa parachichi.

"Yote miwili, dada."

"Lakini kuna mmoja ndio wenye kazi." Akacheka, akaubana mkono wa kulia wa Enesi juu ya kiwiko, taratibu. "Huu."

Ijumaa Enesi alimfuata mwalimu Masudi kwenye kibanda chake cha kazi karibu na boda. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Alipofika, mwalimu alikuwa na simu sikioni na makaratasi mkononi, na maneno yote yakamtoroka.

"Sema, binti."

"Mwalimu, naomba... kesho nicheze na Mwanaisha."

"Mwanaisha ana mkanda mweupe kama wewe, atakutahini vipi? Gwantwa anakupenda yule. Kila siku anakusifia."

"Mwalimu, mimi huwa naomba. Haachii."

"Huwa unapiga?"

"Napiga hivi." Na kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kueleza, akachutama pale mlangoni, mbele ya waliopanga foleni, akakusanya viganja na kupiga. Po, po, po. Alimtazama mwalimu usoni ili aone kama ameelewa.

Uso wa mwalimu Masudi ukalainika. "Ah, inuka, inuka. Usinishukuru hivyo, mimi si chifu. Ukishaupata mkanda ndipo utanishukuru." Simu ikaita tena.

Bi Fauzia aliposikia, alisema jambo moja: "Usiende."

"Nikiacha atasema nini, mama?"

"Aseme atakalo."

Enesi alifikiri. Akiacha, ataacha kimyakimya, kama alivyoacha shule, na Gwantwa atakuja na maparachichi mlango wa nyuma kumwuliza kwa nini. Naye atafungua mdomo, na hakuna kitakachotoka. Asubuhi ya Jumamosi alilibamiza donge la unga kwenye meza, akalibamiza tena, mpaka vikombe vikagongana.

"Unga umekukosea nini leo?" dereva mmoja akauliza.

Enesi alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia unavyokunjuka na kukunjika.

Saa kumi ghala lilikuwa limejaa. Upepo wa Tunduma ulikuwa ukilivuta bati na kuliachia. Mwanaisha akatahiniwa kwanza. Gwantwa akabwagwa, akaushika mkono wa Mwanaisha, Mwanaisha akapiga makofi mawili ya nguvu, Gwantwa akauachia mara moja, kwa adabu kabisa. Watu wakashangilia. Mwanaisha akapita kando ya Enesi akamnong'oneza, "Wala haiumi."

Enesi akasimama. Waliinamiana. Safari hii hakuchutama, na akaona kwamba Gwantwa ameliona hilo.

Ngwala yake ilikwenda vizuri kuliko siku zote. Gwantwa aliondoka ardhini, akatua kwa kishindo, vumbi likafuka, mwalimu akasema, "Safi sana!" Ilikuwa sekunde moja ya jua. Kisha Enesi akalala chali kama ilivyotakiwa, na Gwantwa akaja kukaa ubavuni kwake, akapitisha miguu juu ya kifua chake, akauvuta mkono wa kulia katikati ya mapaja yake. Mguu mmoja haukukaa mahali pake. Ulishuka taratibu, kwa pembeni ambako mwalimu hakuona, goti likaukandamiza mkono wa kushoto wa Enesi kwenye turubai.

"Haya," mwalimu akasema. "Jinasue au upige."

Gwantwa akalala nyuma. Kiwiko kikanyooka mpaka mwisho wake, kisha kikaendelea. Enesi alivuta mkono wa kushoto, haukusogea. Vidole vyake vikapiga turubai, lakini ni vidole tu, kama kuku anayedonoa.

"Sasa," Gwantwa alimwambia kwa Kinyiha, polepole. "Ndiyo hiyo. Nitazame."

Enesi hakumtazama. Aligeuza kichwa upande wa pili, na kitu cha kwanza kilichoingia machoni mwake ni Zabron, amesimama mstari wa mbele, mikono nyuma, uso umekunjamana kama mtu anayesikiliza habari ya msiba. Anajua, Enesi akawaza. Amejua tangu siku ile. Na pumzi ikamtoka, safari hii ikiwa na sauti ndani yake.

"Kaka Zabron! Wewe unasikia! Waambie!"

Sauti ilikuwa kubwa mno, mbaya, ya kukwaruza. Hata yeye hakuitambua. Kiwiko kikatoa mlio mdogo, kama muhindi mbichi unaovunjwa bua.

"Mtoe!" Zabron alikuwa ameshakanyaga turubai na viatu vyake. "Mwalimu, mtoe! Anaomba! Huyu mtoto anaomba tangu siku ya kwanza!"

Walimtoa watu watatu, na hata hapo vidole vya Gwantwa vilifunguliwa kimoja kimoja.

Enesi alikaa, mkono ameukumbatia. Aliuliza vidole vyake kama vipo, vikacheza. Kiwiko kilikunjika nusu, kikagoma, na kilikuwa kinavimba mbele ya macho yake. Hakuona atakavyokanda unga wa Jumatatu. Mwanaisha alikuja kumfunga kwa kanga.

"Anaomba nini?" mwalimu Masudi alikuwa akiuliza. "Nani anaomba nini?"

Zabron akaeleza. Aliyaeleza makofi, akayapiga yeye mwenyewe, mtu mzima na mikono yake ya grisi. Po, po, po. Kila aliyetoka Mbozi mle ghalani akatazama kwingine. Mwalimu Masudi akakaa chini palepale kwenye turubai.

"Jana alinipigia makofi hayo," akasema. "Kwangu kibandani. Mimi nikadhani ananishukuru." Kisha akainua kichwa. "Na wewe ulijua siku zote hizo?"

"Nilidhani ni mambo ya wanawake, mwalimu."

Mwalimu akamgeukia Gwantwa. "Vua mkanda."

Gwantwa aliufungua bila haraka. Akaukunja mara mbili, akaukunja tena, akauweka chini kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka. Akavua koti, akalikunja nalo, akalikung'uta maganda. Hakuonekana kuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyeamshwa usingizini kabla ndoto haijaisha.

"Mmesikia kelele za mtoto tu mmeogopa," alisema. Akamwinamia Enesi, uso wake umejaa huruma. "Pole sana, mdogo wangu. Huo mkono unataka kuchuliwa mapema, usikauke kama wa Tabita. Nitakuletea dawa. Mlango wa nyuma naujua."

"Usije," Enesi akasema.

"Eti?"

"Nimesema usije! Usije kwangu, usije mgahawani!"

Nje, wapakiaji waliokuwa wakikaza kamba juu ya lori waliacha kazi, wakachungulia ndani. Gwantwa akamtazama Enesi kwa kitambo, kwa makini, kama siku ile ya kwanza alipokishika kiwiko chake. Kisha akachukua mfuko wake, akavaa kandambili mlangoni, akatoka. Upepo ukaupiga mlango nyuma yake.

Mwalimu alikuwa akisema kitu kuhusu hospitali, nani ana pikipiki, nani atangulie. Enesi hakuwa akisikiliza. Kwa Gwantwa ni kushoto, ukitoka ghalani. Kulia hakuna nyumba. Kuna maegesho ya malori, na ukiyamaliza, mgahawa wa Bi Fauzia, ambaye saa hizi huwa peke yake anaosha masufuria.

"Kaka Zabron," akasema. "Tazama amepinda upande gani."

Zabron akafungua mlango, akasimama akitazama katikati ya malori.

"Kulia."

Enesi akasimama. Mkono ulipwita mpaka shingoni. Akatafuta kandambili zake kwa mguu, akaona wote wanamtazama yeye, wakisubiri aseme.

"Twendeni," alisema, kwa sauti ambayo hakuna aliyeweza kusema hakuisikia. "Wote. Sasa hivi."

Nao wakaanza kuvaa viatu.